Safu Mbili za Ukurasa: Günter Wagner na Matini ya Wabukusu

Kila anayeandika juu ya Wabukusu, awe mwanahistoria, mwanaanthropolojia au mhakiki wa fasihi simulizi, hana budi kupita mlangoni pa Günter Wagner. Mjerumani huyu, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 1952, alifanya utafiti katika Kavirondo ya Kaskazini kati ya mwaka 1934 na 1938, kisha akaandika juzuu mbili juu ya Wabantu wa sehemu hiyo. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1949. Ya pili ilitoka mwaka 1956, mwandishi akiwa amekwisha kufa. Mnamo mwaka 1995 kilitokea kitabu kingine, Bukusu Tales, kilichohaririwa na Mholanzi Jan J. de Wolf, chenye hadithi zilizokusanywa yapata mwaka 1936 chini ya usimamizi wa Wagner.

Kazi hizi hutajwa sana kwa upande wa mila, ukoo, ndoa na utawala. Upande wa lugha haujazungumzwa vya kutosha. Makala hii inakusudia kuuchunguza upande huo na kuonyesha kwamba Wagner aliijua njia bora ya kuishughulikia lugha isiyo na vitabu, aliifuata alipokuwa Marekani, na akaiacha alipofika Afrika. Hasara iliyotokana na uamuzi huo bado inalipwa, na wanaoilipa ni walimu na wanafunzi wa lugha katika miji kama Kitale na Bungoma.

Mwanafunzi wa Boas

Kabla ya kuja Kenya, Wagner alikuwa mtaalamu wa lugha na dini za wenyeji wa asili wa Marekani. Alisoma kwa Franz Boas katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Boas aliwafundisha wanafunzi wake kwamba lugha ambayo haijaandikwa yapasa kupewa kazi tatu: sarufi, msamiati na matini. Matini maana yake ni usemi wa wenyeji wenyewe, ulioandikwa kwa lugha yao kama ulivyotamkwa, na tafsiri ikawekwa kando yake. Sarufi huonyesha kanuni na msamiati huorodhesha maneno, lakini ni matini peke yake inayomwezesha msomaji wa baadaye kumsahihisha mtafiti.

Wagner aliyatii mafundisho hayo. Mwaka 1931 alichapisha Yuchi Tales, mkusanyo wa hadithi za Wayuchi, watu wachache wa Oklahoma ambao lugha yao haijapata kuthibitishwa kuwa na ndugu yeyote duniani. Mwaka 1934 ikafuata sarufi ya lugha hiyo. Leo lugha hiyo karibu imekosa wasemaji walioinyonya pamoja na maziwa ya mama, na kwa sababu hiyo kazi za kijana yule wa miaka ishirini na kitu zimezidi kupanda thamani. Mjukuu wa Myuchi akitaka kujua babu yake aliiunganishaje sentensi na sentensi, anayo mahali pa kwenda kutazama.

Boas mwenyewe alikwenda hatua moja zaidi. Kwakiutl Texts, kazi iliyokamilika mwaka 1905, ilichapishwa kwa majina mawili: la Franz Boas na la George Hunt, mkazi wa pwani ile ambaye ndiye aliyeziandika hadithi hizo kwa lugha ya wenyeji. Mkusanyaji hakufichwa nyuma ya msimamizi. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana litarudi.

Kutoka matini hadi maelezo

Wagner alikuja Kavirondo kwa udhamini wa Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyokuwa na makao London. Wakati huo mwalimu aliyetawala fikra za watafiti wa taasisi hiyo alikuwa Bronislaw Malinowski. Swali lililoulizwa lilikuwa jinsi taasisi za jamii zinavyofanya kazi: nani humwoa nani, nani humrithi nani, ugomvi huamuliwa vipi mahali pasipo na mfalme. Wagner alilijibu swali hilo kwa ustadi. Sura yake juu ya utawala wa Wabantu wa Kavirondo, iliyotoka mwaka 1940 katika kitabu cha Fortes na Evans-Pritchard, ingali inasomwa. Juzuu zake mbili zina wingi wa habari ambazo hazipatikani penginepo, hasa kwa kuwa aliwalinganisha watu wa aina mbili, Walogooli wa kusini na Wabukusu wa kaskazini, akakataa kuwachanganya kama walivyochanganywa na maofisa wa serikali.

Hata hivyo, nafasi ya lugha ilibadilika. Katika vitabu hivyo maneno ya Kibukusu yamo kwa wingi, lakini yamo kama vielelezo ndani ya hoja iliyojengwa kwa Kiingereza. Lugha imegeuka kuwa ufunguo wa kufungulia nyumba. Mlango ukishafunguka, ufunguo huwekwa mfukoni.

Dalili iko katika jina lenyewe la watu hao. Wagner aliwaita Vugusu. Wenyewe hujiita Babukusu, na lugha yao Lubukusu. Tofauti hii si ya mapambo ya herufi. Katika Kibukusu, herufi b ikiwa kati ya irabu hutamkwa kwa midomo iliyokaribiana bila kufungana, na sikio la mgeni linaweza kuidhania v. Kuhusu g, mahali ambapo Kibukusu kina k Kilogooli aghalabu kina g, kwa sababu lugha hizi hazikupitia mabadiliko yale yale ya sauti. Vugusu, basi, ni Wabukusu kama wanavyosikika kutoka upande wa Maragoli. Jambo la kustaajabisha ni kwamba taasisi iliyomdhamini Wagner ndiyo iliyokuwa imetoa mwongozo wa tahajia ya lugha za Kiafrika mwaka 1927 na kuusahihisha mwaka 1930.

Wasomi wanaweza kusema kwamba haya ni madogo. Wabukusu hawakuyaona madogo. Walikuwa wamebandikwa jina la Kitosh na wageni, jina walilolikataa. Na katika miaka ya 1940, wamishonari na wasomi wa Kiluyia walipounda kamati ya kusanifisha lugha moja ya Waluyia wote, upinzani mkubwa ulitoka kwa Walogooli, waliokuwa na Agano Jipya lao tangu mwaka 1925, na kwa Wabukusu, ambao hawakujiona katika sauti na maneno ya lugha hiyo mpya. Waliokataa walikuwa wakitetea haki ya kuandikwa kama wanavyosema. Katika ubishi huo, kitabu cha matini za Kibukusu kutoka miaka ya 1930 kingekuwa hoja kubwa mezani. Hakikuwapo.

Kilichopotea

Yafaa kueleza kwa mfano kile ambacho maelezo peke yake hayawezi kukihifadhi. Miongoni mwa Wabukusu kuna sanaa ya kumuse, hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Msemaji wake hutembea huku na huku katika uwanja ulioachwa katikati ya watu, akaeleza chimbuko la koo, safari za wahenga, makosa ya walio hai na njia ya kuishi. Tendo hilo huitwa khuswala kumuse, na si kila mtu mwenye ulimi mwepesi huruhusiwa kulitenda. Kipaji hicho hufuata koo maalumu.

Mwanaanthropolojia anaweza kueleza ni nani anayesema, lini, na kwa ajili ya marehemu wa aina gani. Maelezo hayo yana faida. Lakini mhakiki wa fasihi atauliza mengine: msemaji huanzaje, hurudia nini, hunyamaza wapi, hupanga vipi majina ya koo ili asimkwaze yeyote, hadhira humwitikia kwa neno gani. Mwanaisimu naye ana maswali yake. Nomino za Kibukusu hubeba kiambishi juu ya kiambishi: mti ni kumusala na miti ni kimisala, watu ni babandu, ambapo Kiswahili kinatosheka na wa- moja tu. Ni lini kiambishi cha mbele hutokea, na ni lini huachwa? Orodha ya maneno haiwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu katika orodha kila neno limesimama peke yake. Jibu hutoka katika usemi mrefu unaotiririka. Nasiombe Mutonyi alipoandika tasnifu yake juu ya mofolojia na fonolojia ya Kibukusu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2000, alikuwa akiifanya kazi ambayo kwa Wayuchi Wagner aliianza mwaka 1934.

Ndipo tunapofika kwenye Bukusu Tales. De Wolf anastahili shukrani, kwani bila juhudi zake hadithi hizo zingeendelea kulala katika karatasi za marehemu. Lakini kati ya mwaka 1936 na mwaka 1995 ilipita miaka 59. Na jina kamili la kitabu linasema kwamba hadithi zilikusanywa chini ya usimamizi wa Günter Wagner. Maneno hayo yasomwe polepole. Chini ya usimamizi maana yake ni kwamba msimamizi hakuwa mkusanyaji. Kulikuwa na mkono mwingine ulioshika kalamu, na kinywa kingine kilichosimulia. Jalada linamtaja msimamizi na linamtaja mhariri. Mikono ile na vinywa vile havimo katika jina la kitabu. Vimemezwa na neno moja, Bukusu. Likilinganishwa na jalada la mwaka 1905 lililombeba George Hunt, ni vigumu kusema kwamba elimu imepiga hatua mbele.

Mfano wa Wamaya

Ili kuona safu ya pili ya ukurasa inaweza kuwafanyia watu nini, yafaa kuvuka bahari na kutazama nchi za Wamaya, Yucatán na Guatemala, ambako utawala wa kikoloni ulianza karne nne kabla ya Wagner. Huko uharibifu ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mwaka 1562, mjini Maní, mtawa Diego de Landa alivichoma moto vitabu vya Wamaya vilivyoandikwa kwa hati yao ya asili. Lakini watawa hao hao waliwafundisha vijana wa Kimaya herufi za Kilatini kwa ajili ya dini, na vijana wakazichukua herufi hizo kwa shughuli zao wenyewe. Waliandika wasia, mikataba ya mashamba, malalamiko kwa wakubwa, na vile vitabu vya utabiri na historia viitwavyo Chilam Balam. Haya yote waliyaandika kwa Kimaya.

Kwa upande wa Wak'iche' wa Guatemala, Popol Vuh iliandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16, na waandishi wake hawakutaja majina yao. Mwanzoni mwa karne ya 18 padri Francisco Ximénez, akiwa Chichicastenango, aliinakili katika safu mbili: Kik'iche' upande mmoja, Kihispania upande wa pili. Nakala hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Newberry, Chicago. Tafsiri ya Ximénez ni ya padri wa zama zake, naye mambo mengi aliyaona kwa macho ya dini yake. Hata hivyo hakuifuta safu ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mwaka 1979 mwalimu wa Kik'iche' Adrián Inés Chávez aliweza kutoa tafsiri iliyomkosoa padri neno kwa neno. Na mwaka 1999 mwanasheria na mwanaisimu Luis Enrique Sam Colop, naye Mk'iche', aliipanga upya matini ya asili katika mishororo ya kishairi, akaonyesha kwamba kile kilichosomwa kama hadithi ya mjazo kilikuwa utenzi. Miaka mia tatu ilikuwa imepita, na rufani bado iliwezekana kukatwa.

Ajira ya wanaoushughulikia uwanja huu nayo ina fundisho. Katika vyuo vikuu vya Marekani si ajabu kumkuta mtaalamu wa nyaraka za Kimaya za wakati wa ukoloni akiwa ameajiriwa katika idara ya Kihispania. Mshahara wake unatokana na kufundisha vitenzi vya Kihispania kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kimaya hukisoma saa za ziada na wakati wa likizo. Lugha kubwa humlisha, naye huihudumia lugha ndogo kwa chakula hicho. Mpango huu si wa haki, kwa kuwa Kihispania ndicho kilichokisukuma Kimaya pembeni. Lakini una faida moja: mtu aijuaye lugha ya mkoloni kwa undani anaweza kutambua ni wapi mwandishi wa Kimaya ameiazima, ni wapi ameipinda, na ni wapi ameidanganya.

Ushahidi wa nyumbani

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Guatemala peke yake kutafuta ushahidi. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli huko Göttingen, akatoa pia tafsiri ya Kijerumani. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Mrima ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Kwa miaka mingi kitabu kilijulikana kama cha Velten. Lakini Kiswahili chenyewe kilikuwa kimechapishwa, na kilipotafsiriwa upya kwa Kiingereza na J. W. T. Allen na kutolewa mwaka 1981, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa kwenye jina la kitabu pamoja na kutajwa kwa Waswahili wengine waliochangia. Matini ilimrudisha mwenyewe. Ingebaki tafsiri ya Kijerumani peke yake, Mtoro angekuwa leo mtoa habari asiyejulikana, na lahaja yake ingekuwa imeyeyuka katika sarufi ya Kijerumani.

Kiswahili, basi, kimewahi kukaa mahali ambapo Kibukusu kimekaa. Kiliokolewa na safu yake ya pili. Je, nacho kinaokoa?

Mwalimu wa Kitale, mwalimu wa Bungoma

Mwaka 1926 reli ilifika Kitale, na mwaka huo huo Luteni Kanali Stoneham alianzisha jumba lake la makumbusho katika nchi ya walowezi ya Trans Nzoia. Mkusanyo wake wa wadudu, ndege na vitabu aliuachia taifa, na kutokana na wasia huo makumbusho ya serikali yalifunguliwa Kitale mwaka 1974. Kipepeo aliyekaushwa vizuri na kuandikiwa kibandiko hudumu miaka mia. Usemi hauna bahati hiyo. Wabukusu walikuja Trans Nzoia kama vibarua wa mashamba, na baada ya uhuru wengi wakaja kama wanunuzi wa ardhi. Huko wanaishi na Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, na lugha ya sokoni ni Kiswahili. Bungoma Kibukusu kina nguvu zaidi, ila darasani mambo hayatofautiani sana.

Tangu mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, mwalimu wa Kiswahili amekuwa mtu wa kazi ya uhakika. Idara za Kiswahili zimekua: Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu miaka ya 1980, na baadaye vyuo vipya, kikiwamo Kibabii cha Bungoma kilichopewa hati yake mwaka 2015. Mhadhiri wa Kiswahili aliyezaliwa Kimilili au Webuye, ambaye amesikia kumuse kwa masikio yake, anafanana mno na yule mwalimu wa Kihispania anayesoma Kimaya usiku. Lugha kubwa ndiyo inayomlipa. Lugha aliyozaliwa nayo ni mtaji ambao idara haiuhesabu.

Kuna anayeweza kupinga kwamba idara ya Kiswahili kazi yake ni Kiswahili, na kwamba kuichanganya na lugha za makabila ni kurudisha ukabila ambao Kiswahili kililetwa kuutibu. Pingamizi hili lina historia yenye uzito, wala halipaswi kudharauliwa. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inalipa dola wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Mambo hayo mawili yamewekwa katika kifungu kimoja. Zaidi ya hayo, kinachowagawa watu ni kutosikilizana, na matini iliyotafsiriwa ni njia ya kusikilizana. Hadithi ya Mango, aliyeliua joka la Mwiala kisha akatahiriwa kwa Wabarwa, ni habari ya Wabukusu kukiri kwamba walipokea kitu kikubwa kutoka kwa majirani zao wa upande wa Mlima Elgon. Msabaoti wa Kitale anayo haki ya kuisoma kwa lugha anayoielewa, na ya kuijibu.

Hapo ndipo udhaifu wa urithi wa Wagner unapoonekana kwa ukubwa wake. Hata hadithi za Wabukusu zilipotokea hatimaye mwaka 1995, zilitokea Ujerumani zikiwa na jina la Kiingereza. An Outline History of the Babukusu, kitabu muhimu cha F. E. Makila cha mwaka 1978, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza. Kibukusu kimezoea kuvuka moja kwa moja hadi London au Münster bila kupita kwa jirani. Kiswahili, lugha ya Kibantu yenye ngano kama Kibukusu kilivyo na chingano, kimekaa kando kama mgeni.

Hitimisho

Wagner hakukosa bidii, wala hakukosa ujuzi. Aliujua ukurasa wenye safu mbili, akawaandikia Wayuchi, na Wabukusu akawapa safu moja. Kosa hilo halisahihishwi kwa kumlaumu marehemu. Linasahihishwa na tasnifu moja baada ya nyingine: kumuse iliyonukuliwa kwa Kibukusu kamili, kwa tahajia ambayo wenyewe wanaikubali, Kiswahili kikiwa kandokando yake, na jina la msemaji, kwa idhini yake au ya jamaa zake, likiwa juu ya ukurasa badala ya kufichwa katika shukrani. Kazi ya namna hiyo ihesabiwe katika kupandisha cheo sawa na makala ya nadharia. Idara ambayo haiwezi kuikubali ijiulize ni kwa haki gani inamfundisha Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoto wa Kibukusu aliyekuwa na miaka 10 hadithi zile zilipokusanywa alizaliwa yapata mwaka ule reli ilipofika Kitale. Wa rika lake waliobaki ni wachache sana. Wale waliosimuliwa na rika hilo bado wapo, nao wako umbali wa nauli ya matatu kutoka lango la chuo.